Kama Kongo ingekatwa vipande mwaka 2002, Bunagana ingekuwa ya nani?

Mkaaji wa Bunagana anapokimbia vita habebi mengi. Sufuria, blanketi, mtoto mgongoni, na mfukoni kadi ya mpiga kura. Tangu mwaka 2005 kadi hiyo ndiyo kitambulisho cha Mkongomani, kwa kuwa kitambulisho chenyewe cha taifa raia walio wengi hawajawahi kukishika mkononi. Juu yake pameandikwa jina la mtu, mahali anapotoka, na jina la nchi: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tarehe 13 Juni 2022, wapiganaji wa M23 walipouteka mji, maelfu ya watu wa Jomba walivuka barieri wakaingia Kisoro, upande wa Uganda, wakiwa nayo. Wengine waliteremka Rutshuru, na baadaye vita vikawasukuma hadi Kanyaruchinya, kwenye mlango wa Goma.

Kadi hiyo ingeweza kuwa na jina la nchi nyingine. Miaka 20 kabla ya siku ile, Kongo ilikuwa imebakiza hatua chache tu isiwe tena nchi moja. Watoto waliozaliwa kambini hawajui habari hiyo, na waliokuwa watu wazima wakati ule wengi hupenda kuisahau. Siku hizi neno balkanizasio, yaani kukatwakatwa kwa nchi, linasikika redioni karibu kila asubuhi, mara nyingi kama kitisho au kama tusi. Ni afadhali kuliuliza kama swali: ingekuwaje kama ingetokea kweli?

Kwanza yaliyotokea. Wapiganaji wa Laurent-Désiré Kabila waliingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997 wakisaidiwa na majeshi ya Rwanda na Uganda. Mwishoni mwa Julai 1998 Kabila akawaambia askari wa kigeni warudi kwao. Haikupita wiki moja, na tarehe 2 Agosti 1998 uasi ukaanza Goma na Bukavu. Chama cha RCD kikaundwa mwezi huohuo. Rwanda ilieleza kwamba ilikuwa inawafuata Interahamwe na askari wa zamani waliofanya mauaji ya kimbari ya 1994 na kukimbilia Kivu, na ni kweli watu hao walikuwemo misituni. Lakini vita vilifika Kisangani, vikafika Kasai na Katanga, mbali sana na misitu hiyo.

Kufikia mwaka 1999 nchi ilikuwa na serikali nne au zaidi, kutegemea nani anahesabu. Kinshasa ilishika magharibi na kusini. Jean-Pierre Bemba na MLC yake, wakisaidiwa na Uganda, walikuwa Gbadolite wakitawala Equateur. RCD ikapasuka yenyewe kwa yenyewe: Ernest Wamba dia Wamba, rais wake wa kwanza, alihamia Kisangani, na tawi lake, ambalo baadaye liliongozwa na Mbusa Nyamwisi, likabaki na Beni na Butembo chini ya kivuli cha Uganda. RCD-Goma, iliyoegemea Rwanda, ilikuwa na sehemu kubwa ya Kivu zote mbili, Maniema, mji wa Kisangani na vipande vya Katanga na Kasai.

Bunagana ilikuwa mahali pa ajabu katika mgawanyo huo. Lango lake linaelekea Uganda, lakini mji ulikuwa chini ya RCD-Goma. Kwa hiyo malori yaliyotoka Kampala yaliendelea kulipa ushuru kwa ofisi za rafiki wa Rwanda, hata pale majeshi ya Uganda na Rwanda yalipokuwa yanapigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya Kisangani, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Katika siku hizo sita mabomu zaidi ya 6,000 yaliangukia mji ambao si wa Uganda wala wa Rwanda, na raia kwa mamia wakafa. Biashara haina aibu, wahenga wa sokoni wangesema, na barieri ya Bunagana haikufungwa kwa sababu ya makaburi ya Kisangani.

Maisha ya kila siku yalikuwa yamekwisha kugawanyika. Mtu wa Goma aliyetaka kumzika mzazi wake Kinshasa hakuwa na ndege ya moja kwa moja. Alipitia Kigali, Entebbe au Nairobi, akiomba ruhusa ya nchi mbili ili afike katika nchi yake mwenyewe. Ushuru wa Bunagana ulikwenda Goma, na Kinshasa haikuona hata faranga moja. Mwezi Juni 1999 jenerali wa Uganda, James Kazini, aliunda kwa sahihi yake jimbo jipya la Kongo, Kibali-Ituri, akamteua na gavana wake. Ofisa wa jeshi la kigeni alichora jimbo ndani ya nchi ya watu. Mahakama ya Haki ya Kimataifa kule The Hague ilikuja kuihukumu Uganda tarehe 19 Desemba 2005, na mnamo Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Kesi dhidi ya Rwanda haikusikilizwa, kwa sababu mahakama iliona haina mamlaka juu yake.

Basi kugawanyika kulikuwepo. Kilichokosekana ni nchi moja tu duniani iliyokuwa tayari kukiandika.

Hapo ndipo wengi wanapotea wanaposimulia habari hii. Wanasema Kongo iliokolewa na jeshi, au na Mungu, au na dhahabu yake. Mungu tumwachie yake. Jeshi halikurudisha Goma hata siku moja kati ya 1998 na 2003. Kilichozuia ni kwamba hakuna aliyetaka kutia sahihi. Wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikubaliana Cairo mwezi Julai 1964 kuiheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru, hata ile mibaya, kwa kuwa kila rais alijua kwamba akiruhusu wa jirani ukatwe, wake utafuata. Mkataba wa Lusaka wa Julai 1999, ambao Rwanda na Uganda pia walitia sahihi, ulisema waziwazi kwamba Kongo ni moja. RCD yenyewe haikuwahi kutangaza kwamba mashariki imejitenga, wala haikuchapa pesa yake. Viongozi wake walisema siku zote kwamba wanapigania Kongo nzima. Faranga ya Kongo, iliyoanza kutumika tarehe 30 Juni 1998, mwezi mmoja tu kabla ya vita, iliendelea kuzunguka pande zote za nchi iliyokatika.

Tofauti na Katanga inaonekana hapo. Moïse Tshombe alipotangaza uhuru wa Katanga tarehe 11 Julai 1960, siku 11 tu baada ya uhuru wa Kongo, alichapa pesa, akapandisha bendera, akaajiri mamluki. Ubelgiji ilimsaidia kwa watu na mali, lakini hata Ubelgiji haikumtambua. Katanga ikaisha Januari 1963. Somaliland nayo ilijitangaza mwaka 1991, ikaishi zaidi ya miaka 30 na bunge lake, polisi wake na pesa yake, bila nchi hata moja ya Umoja wa Mataifa kuiita nchi kabla ya Desemba 2025.

Sasa tuingie katika kuwaza. Saa yenyewe ni Aprili 2002. Mazungumzo ya Wakongomani yalikuwa yamefanyika Sun City, Afrika Kusini, tangu Februari. Mwishoni Joseph Kabila na Bemba walifanya mapatano yao wawili, RCD-Goma ikaachwa nje. Nchi ikabaki na pande mbili zilizopatana na ya tatu iliyokasirika, ambayo ndiyo sisi wa huku tulikokuwa. Mwezi uliofuata, tarehe 14 Mei, askari walioasi waliteka redio ya Kisangani wakiwaita wananchi wawafukuze Wanyarwanda. RCD ikalipiza, na watu wengi wakauawa. Hapo ndipo njia ilipogawanyika. Tuseme tarehe 30 Julai 2002 Kabila na Paul Kagame hawakutia sahihi kule Pretoria. Tuseme majeshi ya Rwanda hayakuondoka Septemba na Oktoba mwaka ule. Tuseme wakubwa wa dunia, wakiwa wamechoka na macho yao yako Afghanistan na Iraki, wakasema: basi, acheni kila mmoja abaki alipo.

Goma ingekuwa mji mkuu. Mji mkuu wa majivu, kwa maana tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilikuwa imelipuka na lava imepita katikati ya mji hadi ziwani. Mpaka wa nchi hiyo mpya ungefuata mstari wa mbele wa vita, maana hakukuwa na mstari mwingine. Upande wa kaskazini ungekatika karibu na Kanyabayonga. Mama wa Jomba anayeuza maharagwe angefika Butembo kwa pasipoti. Mnande aliyefungua duka Goma na ndugu zake walioko Beni wangekuwa wageni kwa wageni. Mashariki ingekuwa nchi isiyo na bahari, na kila kitu chake, kuanzia chumvi hadi karatasi ya shule, kingepita Gisenyi au Bunagana kwa ruhusa ya majirani walewale.

Je, nchi hiyo ingekuwa huru? Hili halihitaji kuwaza sana, kwa sababu tulipewa jaribio. Askari wa Rwanda walipoondoka Oktoba 2002, Mai-Mai waliiteka Uvira katika siku chache, na RCD ikapoteza sehemu nyingi za mashambani, ingawa wanajeshi wake walikuwa wengi na kodi walikuwa wakikusanya kwa miaka minne. Serikali ambayo haiwezi kulala usiku mmoja bila mlinzi wa jirani ina bendera, ina mihuri, ina mawaziri wenye magari, lakini uhuru wake uko mfukoni mwa mwingine. Na Kinshasa nayo, iliyokuwa imesimamishwa na Angola na Zimbabwe, isingekuwa na mengi ya kujivunia.

Kwa watu wa Bwisha kuna jambo zito zaidi, na mara nyingi wanaopiga kelele juu ya balkanizasio hawalifikiri. Mpaka wa Bunagana wenyewe ulichorwa Brussels. Wabelgiji, Wajerumani na Waingereza walikutana huko mwaka 1910, wakamaliza ugomvi wao wa milima ya volkano tarehe 14 Mei. Bufumbira, ambayo leo ni Kisoro, ikaenda kwa Waingereza. Gisenyi ikabaki kwa Wajerumani. Jomba, Rutshuru na Goma zikawa za Wabelgiji. Hakuna mwami, mzee wala mkulima aliyeketi mezani. Mwaka 1911 wakaja wapimaji, na familia moja ikajikuta ina shamba Kongo na mjomba Uganda. Lugha haikubadilika, anayesema Kinyabwisha hapa anaelewana bila shida na Mfumbira wa ng'ambo.

Mobutu na bunge lake walitoa sheria tarehe 29 Juni 1981 iliyodai mtu aonyeshe kwamba kabila lake lilikuwa ndani ya Kongo tarehe 1 Agosti 1885. Nani katika Jomba ana karatasi ya mwaka 1885? Sheria hiyo iliwageuza watu kuwa wageni katika mashamba ya babu zao, na vita vya miaka ya tisini viliipata kuni kavu hapo. Kosa hilo lilianza kusahihishwa na sheria ya tarehe 12 Novemba 2004, iliyosema kwamba Mkongomani wa asili ni kila mtu wa makabila ambayo watu wake na ardhi yao vilikuwa ndani ya Kongo siku ya uhuru. Uhuru, 1960. Si 1885. Sheria hiyo ilipigiwa kura na bunge la mpito ambamo waliketi pamoja watu wa Kabila, wa Bemba, wa RCD, Mai-Mai na mashirika ya raia.

Bila kuungana upya, bunge hilo lisingekuwepo, na sheria hiyo isingekuwepo. Katika nchi ya kuwazika ya Goma, Mnyabwisha angekuwa raia kwa hisani ya utawala uliopo, mpaka utawala mwingine uje. Katika Kongo ya Kinshasa angekuwa mtu wa upande wa adui kwa jina lake tu. Jamaa zake waliotawanyika Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani wangelipa deni la mpaka ambao hawakuuomba. Wale wanaodhani kwamba kukata nchi kungewalinda wasemaji wa Kinyarwanda wa Kivu wanapaswa kufikiri hapa kwa utulivu. Pengine wao ndio wangeumia mapema kuliko wote.

Wengine waliochoka, na wana haki ya kuchoka, husema kambini: heri wangegawana, tungepumzika. Sudan Kusini iligawana. Ilikuwa na kura ya maoni, ilikuwa na idhini ya Khartoum, dunia nzima ilishangilia tarehe 9 Julai 2011. Desemba 2013 ilikuwa tayari imewaka ndani kwa ndani. Eritrea ilipata uhuru wake mwaka 1993 kwa makubaliano na Ethiopia, na miaka 5 baadaye nchi hizo mbili zikapigana kwa ajili ya kijiji cha Badme, makumi ya maelfu wakafa. Mpaka mpya huwa ni mahali papya pa kuweka askari. Bunagana ina mmoja, na unatosha.

Pia wananchi wenyewe walikuwa na neno lao, ingawa hakuna aliyewauliza rasmi hadi 2005. Lava ilipoifukuza Goma, watu kwa mamia ya maelfu walivukia Gisenyi, na mashirika yakaanza kupanga kambi ndani ya Rwanda. Watu hawakungoja. Baada ya siku moja, mbili, walianza kurudi kwa miguu, wakipita juu ya mawe ambayo bado yalikuwa yanafuka moshi, kwenda kutafuta mahali nyumba zao zilipokuwa. Walirudi kwa sababu ya viwanja vyao, kwa hofu ya wezi, kwa kumbukumbu ya kambi za 1994. Hakuna haja ya kuwavisha uzalendo wasiousema. Lakini walirudi.

Mapatano ya jumla yalitiwa sahihi Pretoria tarehe 17 Desemba 2002, na serikali ya mpito ikatangazwa tarehe 30 Juni 2003: rais mmoja na makamu wanne, Bemba na Azarias Ruberwa wa RCD wakiwemo. Ilikuwa serikali ya kugawana viti, na wengi walicheka. Kwa bei gani? Shirika la IRC lilikadiria kwamba kati ya Agosti 1998 na Novemba 2002 watu milioni 3.3 walikufa kwa sababu ya vita, wengi wao kwa njaa na magonjwa. Kisha watu wakaandikishwa, kadi zikatoka, na tarehe 30 Julai 2006 wakapiga kura. Ruberwa, ambaye chama chake kilikuwa kimetawala mashariki kwa takriban miaka 5, alipata chini ya asilimia 2 katika nchi nzima.

Kuungana hakukuleta amani, na kusema kinyume ni kuwatukana wanaolala chini ya mahema. Majeshi yaliunganishwa kwenye karatasi kuliko kwenye kambi. Bukavu iliwaka mwaka 2004, CNDP ikafuata, kisha M23 iliyoiteka Bunagana mara ya kwanza Julai 2012 na kufukuzwa Oktoba 2013, kisha hii ya sasa, ambayo tangu Januari 2025 inashika Goma pia. Mengi ya yale yaliyowazwa hapo juu, kodi za barieri, utawala sambamba, safari ndefu ya kufika Kinshasa, wakaaji wanayaishi tena leo bila kuwaza.

Kitu kimoja tu bado hakijabadilika. Katiba ya 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 214 kwamba hakuna kipande cha ardhi ya Kongo kinachoweza kutolewa au kubadilishwa bila wananchi kuulizwa kwa kura ya maoni. Na hata tamko lililotiwa sahihi Doha tarehe 19 Julai 2025 kati ya Kinshasa na waasi linazungumzia kurudisha mamlaka ya dola katika nchi nzima. Hakuna aliyeandika jina la nchi nyingine.

Kanyabayonga, mji ule ambao ungekuwa barieri ya kaskazini ya nchi ambayo haikuzaliwa, ulitekwa na M23 tarehe 28 Juni 2024. Ilikuwa Ijumaa. Jumapili yake ilikuwa 30 Juni, na waliokimbilia Lubero waliipitisha sikukuu ya uhuru barabarani, na kadi zao mfukoni.